Gunhild, Mkaguzi wa Migongo

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti, na kama kahawa iko tayari, mimineni. Leo tunamkumbuka Gunhild Lundmark wa kijiji chetu cha Granliden, huku kaskazini mwa Uswidi. Gunhild ametutoka Juni hii akiwa na miaka themanini na mmoja. Nawaonya mapema, mtacheka, maana marehemu hakuwa mtu wa kununa.

Gunhild alikuwa mpishi wa wawindaji. Kila Septemba wanaume walitoka msituni wakakuta palti zinachemka, yale madonge ya viazi yenye nyama ndani. Kabla ya kula, walikagua mbwa. Kupe walikuwa wameanza kufika huku. Zamani baridi iliwaua. Baridi ilipolegea, wakapanda kaskazini na magonjwa yao. Basi mbwa walichambuliwa masikio, tumbo, hadi katikati ya vidole. Wanaume je? Hakuna aliyejigusa.

"Na nyinyi?" Gunhild aliuliza. "Mna damu ya mafuta ya taa?"

Mumewe, Evert, ndiye aliyecheka zaidi. "Kupe ni shida ya watu wa Stockholm, bibi wee. Huku watapata baridi yabisi!"

Evert mnamjua, mcheshi wa kijiji. Mzaha wake mkubwa ni kupinda mdomo, akimwiga mchungaji wa zamani. Jioni moja akaketi mezani mdomo umepinda, jicho moja halifumbi. Wenzake wakacheka. Siagi ikamtiririka kidevuni. Wakacheka mpaka wakapaliwa.

Gunhild hakucheka. Miaka arobaini aliuona uso ule ukipinda kulia. Siku hiyo ulipinda kushoto. Akazima jiko.

"Evert, rudisha uso."

Evert akajaribu. Haukurudi.

"Niliogopa kama mtoto," Evert ametuambia. "Nikasema hiki ni kiharusi, ndiyo naondoka."

Gunhild alimtia garini, aproni ingali kiunoni. Hospitali wakakuta ni ugonjwa wa kupe, unaolegeza mishipa ya uso. Si kiharusi, wasikilizaji, ni kupe. Alimng'ata mgongoni, mahali asipopaona, pakabaki wekundu mpana kama sahani. Alitibiwa, na baada ya wiki kadhaa uso ukarudi.

Tangu hapo ikawa sheria ya Gunhild: hujakaguliwa, huli palti. Majitu yenye ndevu yakasimama yamejifunga taulo mbele ya jiko, huyu akimulika mgongo wa yule kwa tochi. Mgongo wa Evert aliukagua Gunhild mwenyewe. Jirani yao Sixten, ambaye alikuwa hasemi na Evert kwa ugomvi wa mpaka wa msitu, naye alipanga foleni.

Juzi, baada ya mazishi, tulikunywa kahawa ukumbini. Evert hakugusa keki. Binti yake akamuuliza, "Baba, nini?"

"Sasa mgongo wangu atautazama nani?"

Tulilia, sitaficha. Kisha Sixten akaweka kikombe chini.

"Inuka," akamwambia Evert. "Vua shati."

"Hapa? Mbele ya mchungaji?"

"Twende chumba cha makoti. Haraka, kahawa inapoa."

Wakaenda, bega kwa bega.

Pole sana Evert, poleni watoto na wajukuu. Gunhild apumzike kwa amani. Nanyi wasikilizaji wapendwa, jioni hii mkitoka msituni, tazamaneni migongo. Na kama unamjua anayeishi peke yake, hata kama hamsemezani, kambishie hodi.