Tangi Lililofungwa Miezi Saba

Ndugu waombolezaji, nani kati yenu angepanda gari la dereva aliyejifunza udereva kwa kutazama picha? Mimi ni mdogo wake marehemu, nasoma kwa niaba ya familia, kaka mkubwa ameniomba nisome kistaarabu, nitajitahidi.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1998, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mwalimu wa chekechea, akaanza shule ya msingi 2005, akamaliza sekondari 2016, na Septemba 2018 akaingia chuo cha ubaharia, nami nikifuata nyuma yake kama kawaida, darasa moja la watu thelathini na wanane. Somo la kuingia kwenye matangi tulifundishwa na mtu tuliyemwita Sir Slaidi, ambaye hajawahi kulala melini hata siku moja, kipima hewa kikikaa kabatini ndani ya nailoni yake, nasi tukitazama ukutani picha ya mtu anayeshuka ngazi akitabasamu. Dada aliomba akishike, akajibiwa, "Mama, hicho utakikuta melini." Wote tukapewa cheti kilichoandikwa competent, yaani kazi tunaiweza, yeye full marks, na changu mpaka leo kinanikalisha nyumbani vizuri sana.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 2021 na fundi friji, wakajaliwa binti mmoja tarehe 2 Juni 2022, na Januari 2025 akaajiriwa kwenye meli ya mizigo.

Ugonjwa hakuwa nao. Jumanne tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, baharia mwenzake alishuka kwenye tangi lililofungwa miezi saba, ambamo kutu ilikuwa imekula oksijeni yote, akalala chini kimya, na dada akashuka kumtoa, bila kupima hewa, vilevile alivyofundishwa. Mpishi wa meli, aliyemmulikia tochi, anasema alishuka vidato tisa, akakaa taratibu kama mtu anayevua viatu, akaegemea ngazi, macho wazi. Daktari ameandika kwamba alifariki ndani ya dakika nne, ila mpishi anaapa kwamba chuma kiligongwa kutoka chini kwa dakika ishirini, mapigo matatu, kimya, mapigo matatu, na walioshuka na mitungi ya hewa wakawakuta wote wawili wameshapoa. Alhamisi simu yangu ikapokea ujumbe wake wa sauti uliokwama mtandaoni tangu Jumanne, akicheka, "Leo nimepewa kazi ya kweli, wewe endelea kupasha kiti joto," kicheko kikaisha, ujumbe ukaendelea dakika nzima, hakuna injini, hakuna upepo, hakuna hata pumzi.

Tunamshukuru daktari, mpishi, mabaharia waliombeba, na majirani walioleta viti. Dada, pumzika, hakuna tena anayekuita kutoka chini.

Na wewe mkuu wa chuo, uliyekaa mstari wa mbele na Sir wako, wenzetu kumi na mmoja wa darasa lile wako baharini asubuhi hii na cheti kama chake, toa simu, wapigie mmoja mmoja kabla hatujafukia, uwaambie kwa mdomo wako kwamba hawakufundishwa.