Kosa la Kompyuta Mbili na Ombi la Mwalimu Idah

Mgeni rasmi, mkaguzi wetu wa elimu, Bi Priscilla Wanjira. Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu: shikamooni.

KARIBU

Sisi wanachama wa Chama cha Kompyuta tumefurahi mno kukuona hapa Malindi. Muhula uliopita tulisikia unakuja, tukafagia chumba, hukuja. Leo tumefagia tena. Karibu sana, mama.

TULIKOANZIA

Chama kilianzishwa mwaka wa 1986 na Mwalimu Idah Nduku, alipopewa kompyuta mbili na familia ya Wazungu iliyokuwa ikirudi kwao. Alituonyesha mkalimani, yaani ile programu inayosoma mstari unaouandika na kukujibu papo hapo. Kisha akaziunganisha kompyuta kwa waya ili zigawane kazi ya kujumlisha alama za mitihani, kila moja na fungu lake, kwa wakati mmoja.

TULIYOFANIKIWA

Programu yetu ya kwanza iliganda. Kahonzi, mwenzetu wa Marafa, alikuwa ameandika kwamba kila kompyuta, kabla ya kuhifadhi jibu, iingoje mwenziwe itangulie. Kwake hiyo ndiyo adabu. Mwalimu hakumkemea. Alimsimamisha mlangoni pamoja na Easter, mwanachama mwenzetu, akawaambia waingie.

"Tangulia, dada."

"La, wewe kwanza."

"Haiwezekani, tangulia wewe."

Tulicheka hadi tukashika mbavu, na kosa tukaliona. Tukaipa kompyuta moja zamu ya kwanza, kazi ikaenda.

YANAYOTUSUMBUA

Mgeni rasmi, Mwalimu alihamishiwa bara Januari mwaka huu. Tangu hapo limezuka kosa jingine: alama za mwanafunzi mmoja zinaangukia kwa mwingine. Tukimwandikia mkalimani mstari mmoja mmoja, kila kitu ni sawa. Tukiziachia kompyuta zote mbili ziende pamoja, alama zinachanganyika, tena si kila mara. Tumebadilisha waya. Tumejaribu kompyuta moja moja, na kila moja peke yake haina neno. Tunashuku zinaandika mahali pamoja kwa wakati mmoja, ila hatujui pa kushika. Walimu wetu wapendwa wanatuambia tuzime moja. Ni ushauri mzuri, na tumechoka nao.

OMBI LETU

Hatuombi kompyuta mpya. Tunaomba Mwalimu Idah arudishwe, na kama ni vigumu, basi aje hata likizo moja tu. Kosa hili huenda tukalipata wenyewe siku moja. Lakini yeye hatuna uwezo wa kumrudisha. Tumemkosa, mama, tumekosa hata namna yake ya kukaa kimya huku tukikosea. Kila Ijumaa chama kikikutana tunamwekea kiti, na hakuna anayekikalia. Kama hatarudi, tunakuomba utuambie leo, ili tukirudishe kiti hicho darasani.

Mwenyezi Mungu akubariki na akufikishe nyumbani salama. Na ukimwona Mwalimu kabla yetu, umsalimie sana.

Ni sisi,
Wanachama wa Chama cha Kompyuta, Malindi
Imesomwa na Harusi Mzee, Katibu