Mama Mabaki wa Chumba cha Kujazia Bia

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, Mama Mabaki anastaafu baada ya miaka ishirini na saba na miezi minne ya kazi katika kiwanda chetu kidogo cha bia. Alianza kama mwosha chupa, anaondoka akiwa mkuu wa chumba cha kujazia. Hapo katikati alikuwa mtu aliyeulizwa swali moja na kila mtu, kuanzia bosi na mpishi wetu wa bia hadi wenye baa: hivi wanywaji wanataka bia yao iwekwe katika chombo cha ukubwa gani? Nimepewa nafasi ya kuandika habari zake katika jarida hili kwa sababu mimi ni mmoja wa watu tisa wa laini ya chupa kubwa. Sisi tisa tunamuaga kwa moyo mzito kuliko wengine, maana kwa miaka mingi tulikuwa tukiulizana kichinichini: akiondoka huyu, nani atatusemea laini yetu isifungwe?

Asiyewahi kuingia chumba cha kujazia asubuhi amekosa jambo. Mvuke wa kuoshea chupa hupanda hadi madirisha ya juu, jua hupenya katikati ya chupa za kahawia na za kijani, na ukuta mzima hugeuka rangi ya chai. Mama Mabaki alikuwa na desturi ya kusimama hapo dakika chache kabla mitambo haijawashwa, mikono nyuma, macho ameyafumba nusu. Wageni walidhani amesinzia. Kumbe anasikiliza. Mitambo ikianza, aliweza kukwambia bila kugeuka ni chombo gani kinajazwa. Kopo la mililita 330 hulia kwa sauti nyembamba na kumaliza haraka, chupa ya nusu lita huvuta pumzi moja tu, na chupa kubwa ya mililita 750 huguna kama mtu aliyeamshwa mapema. Tulimfunga kitambaa machoni mara kadhaa ili tumuumbue, na kila mara tukaumbuka sisi.

Jina la Mama Mabaki hakupewa na wazazi wake. Lilitokana na utaratibu wake wa kazi, ambao mwanzoni ulituchekesha hadi machozi. Alikuwa ameongea na wahudumu wa baa sita wamwekee kila chupa iliyorudi kutoka mezani ikiwa bado ina bia ndani. Jumatatu chupa hizo zililetwa kiwandani ndani ya kreti. Yeye alizipanga mezani, akashika rula na daftari, akapima kilichobaki katika kila moja. Alisema mdomo wa mnywaji husifu kila kitu, hasa akijua unatoka kiwandani, lakini chupa aliyoiacha haijui kujipendekeza. Shemeji yetu, mumewe, ambaye aliendesha gari la wagonjwa hadi alipostaafu, anasema nyumbani hali ilikuwa hiyo hiyo. Ukiacha chai kidogo kikombeni, unaulizwa ilipoa au ilikuwa nyingi.

Utaratibu huo ulituletea mambo mengi. Ni yeye aliyegundua kwamba bia yetu nyeusi, iliyo nzito, huachwa nusu ikiwa katika chupa ya nusu lita, na huisha yote ikiwa katika kopo dogo. Ni yeye aliyeona kwamba watu wanaotoka kazini hupenda nusu lita, hawataki kubwa wala ndogo, kwa sababu wanataka kunywa moja ya kutosha kisha waende nyumbani. Wanaopenda kuonja aina mbalimbali huchagua ndogo, wapate nafasi ya nyingine. Leo mambo hayo tunayasema kana kwamba tulizaliwa tukiyajua. Usione vyaelea, vimeundwa.

Si kila alichokigusa kilifaulu. Kuna mwaka alishawishi kiwanda kitoe kichupa cha mililita 200, kizuri kweli, chenye shingo nyembamba na lebo ya bluu. Rula yake ilikuwa imempa uhakika, kwani hakuna mtu angeweza kubakiza bia katika kitu kidogo kama kile. Ni kweli, hakuna aliyebakiza, na hakuna aliyeagiza mara ya pili. Wanaume walikificha kwenye viganja vyao. Mhudumu mmoja alitupigia simu kusema kuna mteja amekishika, amekitazama juu na chini, akauliza: “Hii natumia kutwa mara ngapi?” Mama Mabaki alicheka kuliko sisi sote, na vichupa vilivyobaki akavitia maua akavipanga dirishani.

Ila kosa ambalo hakulicheka lilitokea miaka kumi na mmoja iliyopita, na hilo lilituhusu sisi. Kiwanda kilikuwa kimenunua mtambo wa makopo, na bosi alitaka kujua kama chupa kubwa bado ina maana. Mama Mabaki alipima kwa miezi minne. Daftari lilionyesha jambo moja bila kusitasita: kila chupa kubwa iliyofika kwenye meza yake ilikuwa imebakizwa bia ya vidole vitatu. Aliandika kwamba chupa ni kubwa mno, na bia ya mwisho hupata joto kabla mnywaji hajaifikia. Bosi alisoma, akafunga daftari, akaisimamisha laini. Sisi tisa tukaambiwa tukapumzike nyumbani hadi tutakapoitwa. Kila mmoja wetu alijua maana ya kuitwa kwa namna hiyo.

Wiki ya saba, mwenye baa mmoja alilalamika kwamba baadhi ya wateja wake wa miaka nenda miaka rudi wamepotea. Mama Mabaki hakupiga simu. Alivua koti la kazi, akaenda akaketi katika baa hiyo mchana kutwa, akiwa na glasi ya maji. Kwenye meza ya pembeni walikuwepo fundi cherehani mmoja na mkewe, watu wazima, wamekuja kupumzika kama walivyozoea kila Jumamosi. Kila mmoja alikuwa na kopo lake. Mume akamaliza, akakaa anamtazama mkewe anavyokunywa. Kisha mke akamaliza, wakainuka mapema. Mama Mabaki akawafuata mlangoni akajitambulisha na kuwauliza kama bia ilikuwa na kasoro. Yule fundi alimjibu kwa upole kwamba bia ni ile ile. “Ila zamani tulikuwa tunamiminiana. Sasa kila mtu na lake.”

Hapo ndipo alipouona upofu wake. Wahudumu walimwekea chupa zilizobakizwa, kama alivyowaagiza, na zile tupu wakazirudisha kwenye kreti za kawaida. Kumbe zile tupu, zilizokuwa nyingi kuliko zote, ndizo chupa za watu waliokaa wawili wawili, wakamiminiana, wakaimaliza pamoja wala hawakuacha tone. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kupima hata moja.

Mtu mwingine angenyamaza, maana hakuna aliyekuwa anajua isipokuwa yeye. Mficha uchi hazai. Jumatatu asubuhi aliingia kwa bosi, akamwambia mlango ukiwa wazi, nusu ya ofisi inasikia: “Niliwapima walioshindwa. Waliomaliza sikuwapima.” Aliomba laini iwashwe kwa miezi mitatu, na kama chupa hazitatoka, atoke yeye pamoja nazo. Bosi alikasirika, tena kwa haki. Lakini akaiwasha.

Kisha, badala ya kutuma ujumbe, alipita nyumba kwa nyumba, zote tisa, kwa miguu. Kwangu alinikuta nafua. Hakukaa kwenye kiti alichopewa na mume wangu. Alisimama karibu na beseni akaniambia kwamba yeye ndiye aliyetufikisha hapo, kwamba alikosea, na kwamba Jumatano kuna kazi. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali kwa wiki saba. Badala ya kuyasema, nikamwomba anishikie ncha moja ya shuka tulikamue. Tulilikamua hadi tone la mwisho. Tangu siku hiyo nimempenda, na naandika hivyo hapa bila aibu.

Chupa zilitoka, laini ikabaki, na kuanzia hapo aliweka daftari la pili, la glasi. Alikaa kwenye baa mchana, akihesabu kila chupa imezungukwa na glasi ngapi, na nani anammiminia nani. Alirudi na habari ambazo hazina safu katika fomu yoyote ya kiwanda. Kwamba marafiki wawili waliogombana huagiza makopo, na wakipatana wanarudi kwenye chupa. Kwamba anayekunywa peke yake kwa kupenda hushika chupa ndogo kwa shingo, na anayekunywa peke yake kwa kukosa mwenzake huizungusha. Mpishi wa bia alikuwa anaacha mapipa yake ili aje asikilize. Nasi tulikuwa tunasikiliza tukiwa tumeegemea kreti, mvuke unatupita, na kwa muda mtu alisahau kwamba yuko kazini. Nadhani wakati huo ndio tutakaoukumbuka zaidi.

Hakuna marefu yasiyo na ncha. Mwaka jana, akijua muda wake umekaribia, alirudia hesabu ya glasi katika baa zote sita. Sisi tulikuwa tumetulia. Nani asiyejua kwamba Mama Mabaki ni wa chupa kubwa? Siku ya kikao akasimama, akafungua daftari, akasoma. Zamani, kwenye kila meza thelathini za watu wawili, kumi na nane zilikuwa na chupa ya kumiminiana. Sasa ni saba. Vijana wanataka kopo, kila mtu na aina yake, na hakuna ubaya wowote katika hilo. Akasema chupa kubwa haiwezi tena kuendesha laini ya kila siku. Alisema kwa sauti ile ile anayosomea kila kitu.

Mjomba, mwenzetu wa mashine ya vizibo, mwenye umri wa miaka hamsini na nne, alininong'oneza kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Hata mimi nilihisi hivyo. Nilitamani angepunguza kidogo tu, aandike kumi na mbili badala ya saba, nani angejua? Lakini angekuwa mtu mwingine, na mtu huyo asingekuja kwangu siku ile kusimama karibu na beseni.

Ndipo akatoa karatasi ya pili. Alikuwa ameomba kustaafu kwake kusogezwe mbele kwa miezi saba. Katika miezi hiyo, kila alasiri, watu tisa wa chupa kubwa watajifunza mtambo wa makopo chini ya fundi mitambo, na yeye mwenyewe akisimamia. Wakifaulu, makopo yatajazwa kwa zamu mbili badala ya moja, kwa sababu wanywaji ndiko wanakoelekea. Chupa kubwa itajazwa wiki moja ya kila mwezi, kwa ajili ya meza zile saba. Bosi akasema miezi saba ni mingi. Mama Mabaki akamjibu kwamba hesabu amempa yote bila kuficha, na watu pia hatawaficha. Bosi akatia sahihi.

Hatukuwa wanafunzi wa kujivunia. Siku ya kwanza Mjomba alibonyeza makopo arubaini, akatangaza kwamba chuma na yeye hawajatambulishana. Mama Mabaki alimfumba macho kwa kiganja chake akamwambia aache kutazama, asikilize kwanza. Wiki tatu baadaye Mjomba alikuwa anasimamisha mtambo kwa sauti tu, kabla taa haijawaka. Wapo waliolia chooni, mimi nikiwemo, kwa sababu ukizoea kazi moja kwa miaka mingi, mikono hukataa nyingine. Yeye alikuwa anarudi nasi mwanzo tena, bila kupandisha sauti. Mwezi uliopita fundi mitambo alitupima mmoja mmoja. Tumefaulu wote.

Mengine ya kumsifu ni mengi. Katika miaka yote aliyokuwa mkuu, watu waliokatwa na chupa katika chumba chake hawakuzidi wawili. Alifundisha wakuu watatu wa zamu. Yeye mwenyewe alikunywa nusu glasi tu kila Ijumaa, wakati wa kuonja, na kila Ijumaa alibakiza. Tulimpimia: vidole viwili, bila kupungua wala kuzidi.

Tulipomuuliza atafanya nini sasa, alisema atalala mchana. Alisema ana ndoto moja inayomrudia, ya chupa zinazopita polepole kwenye mwanga wa asubuhi, safu isiyo na mwisho, na hakuna anayezihesabu, na yeye ameketi tu anazitazama. Kila mara huamka kabla haijaisha. Safari hii anataka aiote hadi mwisho.

Mama Mabaki, kwa niaba ya kiwanda kizima, asante. Asante kwa rula, kwa daftari, na kwa kusema ukweli ulipotuuma sisi na ulipokuuma wewe. Shemeji, tunakurudishia mkeo akiwa mzima, mpe chai ya kumtosha. Pumzika kwa raha, dada yetu, siku zako ziwe ndefu na zenye amani. Wala usiamke mapema Jumatatu kwa ajili yetu. Saa moja asubuhi, wote tisa tutakuwa kazini.