Nyumba ya Raia

Ukitaka kuwajua watu wa kijiwe cha Tuwaini, kwanza kijue kiti. Ni kiti cha nyuma cha Land Cruiser iliyopinduka njia ya Bidiyah. Watu walitoka salama, alhamdulillahi, kiti kikaletwa huku Ibra, Oman, kikaegemezwa ukuta wa duka la pancha, na tangu siku hiyo hakijakosa makalio baada ya sala ya alasiri. Mwenye duka, Tuwaini, jina lake la pale ni Pancha. Kulia hukaa Saud, yaani Redio, kwa kuwa habari zote za dunia hupitia kwake na hakuna hata moja inayotoka kama ilivyoingia. Katikati ni Badar, Bujumbura, aliyezaliwa huko na mpaka leo huisifu mvua ya huko kama mtu anayemsifu mkwe. Na kushoto kabisa, penye springi iliyochomoza ya kumchoma mtu paja, hukaa Marzouq, aliyefanya kazi posta hata akastaafu. Wenziwe walidhani amepapendea kivuli. Kivuli chenyewe, haki ya Mungu, hakikuwapo.

Ilikuwa Disemba ya mwaka 2003, miezi miwili baada ya kura ya Majlis ya Shura, baraza la wawakilishi wa nchi, na mjumbe mpya wa wilaya alikuwa bado ana adabu ya mtu mpya. Alisema mwenye haja alete barua yenye sahihi za watu. Kijiwe kilikuwa na haja: nyumba ya kuwatunza wazee mchana kutwa, hapo hapo Ibra, yenye wauguzi wanaosikia Kiswahili. Wiki tatu walizunguka kwa pikapu ya Pancha, mpaka Al Qabil, mpaka Mudhaibi, wanagonga milango na kunyweshwa kahawa; baada ya wiki ya kwanza Marzouq alibaki nyumbani kuiandika barua. Sasa barua ilikuwa tayari, na kesho asubuhi ingepelekwa.

Aliyelianzisha jambo ni Marzouq, kwa sababu ya mama yake, ambaye mji mzima unamwita Bimdogo. Bimdogo alikuja Oman mtu mzima, akajifunza Kiarabu, akabishana nacho na wanawake wenziwe katika soko lao la Jumatano zaidi ya miaka ishirini. Kisha sahau ikamwingia, ikaanza kula cha karibuni kwanza. Kiarabu chote kikaenda. Kimebaki Kiswahili cha Malindi, Unguja, kisafi kama kilivyokuwa. Akiomba maji, mtumishi asiyejua Kiswahili alikuwa akimletea shuka, mpaka mtumishi mwenyewe akachoka akaondoka.

Redio akamimina kahawa, akapitisha sahani ya tende.

— Bimdogo hajambo?

— Hajambo, akasema Marzouq. Kalala.

— Alhamdulillah. Basi tusomewe hiyo barua. Haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo.

— Sasa twende haraka au tungoje? akauliza Bujumbura.

— Twende kama wahenga walivosema.

Pancha alijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono, akaishika barua kwa ncha za vidole. Yeye ndiye aliyesoma skuli hapo hapo Ibra, Kiarabu chake cha maandishi ni cha kweli. Alisoma salamu, akasoma dua, akasoma jina la mjumbe na vyeo vyake. Halafu akauleta ukurasa karibu na macho.

— Marzouq. Hapa umeandika nini?

— Dar riaya. Nyumba ya matunzo.

— Riaya ina alifu baada ya ain. Hii yako haina. Umeandika raiya. Nyumba ya raia.

Marzouq aliichukua, akaitazama, akahisi masikio yanapata moto. Unguja alisomeshwa kwa Kiingereza. Kiarabu cha kuandika alikiokota ukubwani, kwenye anwani za bahasha, na bahasha hazina habari ya matunzo. Barua ya kurasa mbili, neno limerudiwa mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja raia.

— Khalas, akasema Redio. Tumekwisha.

— Tumekwisha vipi kwa kijiti kimoja? akasema Bujumbura. Alifu kwa ujiti, mtoto wa chuoni anaijua.

— Mtoto anaijua, Marzouq haijui! Sikilizeni. Mjumbe atasoma, "tunaomba nyumba ya raia." Atasema, aa, hawa watu wa Zinjibar washaanza, wanataka uraia tena.

— Tena? akasema Bujumbura. Mie pasi yangu niliingoja mpaka nikaota mvi. Siombi mara ya pili.

— Ndio hapo. Barua haitokwenda kwa watu wa matunzo, itakwenda kwa watu wa pasi. Watu wa pasi watamwita kila mzee alotajwa humu, apigwe picha upya.

— Mamangu hakai kitako kupigwa picha, akasema Pancha. Labda umpe halua.

— Picha ni jambo dogo. Baada ya picha kuna masuali. Wataulizwa kwa Kiarabu: jina lako, baba yako, kabila lako. Na hawa wazee wetu ndio hao, Kiarabu kishawatoka. Afisa ataandika, huyu hajui lugha, huyu si wetu.

Redio alisema kwa kuchekesha, na mdomo alikwishauweka tayari kwa kicheko. Hakuna aliyecheka. Marzouq alimuona mama yake mbele ya meza ya afisa, mtandio umekaa vizuri, anajibu kwa adabu zote maneno ambayo hakuna mtu chumbani anayeyajua. Akaona uchungu kweli kweli, akanywa kahawa ili apate cha kufanya na uso wake.

Bujumbura ndiye aliyewaokoa.

— Mie nasema tusisahihishe. Nyumba ya raia ni jina zito. Wazee wetu si raia? Tena nawaambieni, ikijengwa, wataletwa wote, wa Sur, wa Nizwa, kila aliyebaki na Kiswahili peke yake. Wakikaa wiki moja tu mle ndani, tumeirudisha Unguja nzima!

— Ya zamani, akasema Redio, macho yakimng'aa.

— Ya zamani kabisa. Asubuhi mandazi, jioni baraza. Watu wataacha kupanda ndege. Ukitaka Unguja ya kweli, unakuja Ibra, unapiga hodi.

— Na watagombana, akasema Pancha. Nani wa mjini, nani wa Ng'ambo, nani katoka bara kama nyinyi wa Bujumbura. Siku ya pili watataka ukuta katikati.

— Hapo ndio wauguzi wa kigeni wana faida, akasema Redio. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Methali hiyo si ya wauguzi, bwana.

— Kupona ni kwa wagonjwa. Wagonjwa ni wa wauguzi. Wewe methali ulisoma wapi?

Wakaendelea hivyo, na Marzouq akawaacha. Alikuwa amemkumbuka yule bwana wa Al Qabil, mwenye shamba la mitende, aliyewakaribisha vizuri akawalisha, kisha akairudisha kalamu. "Nitie sahihi kwamba mama yangu kanishinda?" alisema. Njia nzima ya kurudi Marzouq alikuwa akitafuta la kumjibu. Maana Bimdogo alikuwa amemshinda. Mwezi uliopita alikutwa kwenye mzunguko wa njia ya Sur, kikapu mkononi, magari yanampigia honi, anauliza njia ya kwenda Darajani, soko la Unguja. Na sasa mke wa Marzouq, Badria, yuko Maskati kwa binti yao aliyejifungua. Kwa hiyo kila alasiri Marzouq humlaza mama, hufunga mlango wa kijani kwa nje, hutia ufunguo mfukoni, na huja kukaa juu ya springi, mahali pekee penye kuonekana ule mlango ng'ambo ya kichochoro. Saa moja tu. Mtu ana haki ya saa moja, alijiambia kila siku, na kila siku hakujiamini.

Gari nyeupe ikaja ikichechemea, tairi la mbele limelala. Akashuka mwanamke kijana wa abaya, mkoba wa mwalimu begani, akawatolea salamu kwa Kiarabu. Kisha, alipowasikia wakibishana, uso ukafunguka.

— Shikamoo, ami zangu. Nyie iko sema Kiswahili! Mie Buthaina, kutoka Mudhaibi. Bibi yangu alinifundisha, lakini yangu ni ya kuvunjika kidogo.

— Marahaba, mwanangu, hata sie imetuvunjika, akasema Redio, akampa kiti cha plastiki. Wafundisha nini?

— Kiarabu.

Watu watatu kwenye kiti walimgeukia kama walioletewa kadhi. Pancha alimpa barua kabla hajagusa tairi. Buthaina akacheka kidogo, si kwa ubaya, akatoa kalamu yake nyekundu ya kusahihishia.

— Hii kosa wanafunzi yangu pia iko fanya. Rahisi.

Akaanza kuweka alifu. Moja, ya pili, ya tatu, kila moja kijiti chekundu kilichosimama wima. Redio akawa anahesabu kwa sauti. Katika ukurasa wa pili kalamu ikapunguza mwendo, kwa sababu sasa Buthaina alikuwa anasoma.

— Barua nzuri, ami. Nani ameandika?

— Mie, akasema Marzouq.

— Hapa unasema, mama hawezi kuachwa peke yake hata nusu saa. Anatoka, anapotea, anaogopa.

— Ndio.

— Na saa hii, mama iko na nani?

Hakuuliza kwa kumtega. Aliuliza kama mtu anayeulizia afya ya wazee wa mwenziwe.

— Si yuko na Badria, akasema Redio.

— Badria yuko Maskati, akasema Bujumbura, pole pole. Wiki ya pili hii.

Redio aliinua birika ajimiminie, ikatoa tone moja. Pancha, aliyekuwa keshaanza tairi, akalaza nyundo chini. Wote watatu walimtazama Marzouq, kisha wakafuata macho yake ng'ambo ya kichochoro, wakauona mlango wa kijani na kufuli lake, na kwa mara ya kwanza wakajua kwa nini kila siku anakaa kwenye springi.

Marzouq alisimama. Akautoa ufunguo mfukoni. Alivuka. Ufunguo ukakataa mara mbili, na nyuma yake alisikia makubadhi ya wenziwe. Walikuwa wamemfuata, hakuna aliyemwambia mwenziwe waende.

Mlango ulipofunguka, Bimdogo alikuwa amesimama papo hapo nyuma yake, kanga kichwani, viganja vyote viwili vimeinuliwa usawa wa mbao. Alimtazama mwanawe, mzee wa mvi, mwenye jasho, macho mekundu. Akamshika uso kwa huruma zote za dunia.

— Masikini mwanangu, akasema. Muda wote nakugongea. Nani kakufungia huko?