Bibi Zambeta na Tanuri Lililofunguliwa Kabla ya Wakati

Baba padri, ndugu, majirani wa Exambela, na ninyi mliopanda kutoka pwani, familia imenituma mimi, Loukia, binti mkubwa, niwasomee safari ya mama yetu, nami naomba radhi mapema, kwa sababu karatasi hii niliiandika nikiwa na hasira, na nilipoisoma upya sikuona pa kuipunguza.

Marehemu Zambeta alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 hapa hapa kijijini, katika kisiwa chetu cha Sifnos, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Antonis, mwenye tanuri la kuni la kijiji, na Bi. Flora, akasoma shule ya msingi Apollonia kuanzia mwaka 1953 hadi 1959, alipotolewa darasani akapasue kuni kwa kuwa baba yake mgongo ulikuwa umemwisha, na mwalimu aliyekuja kumwombea arudishwe alijibiwa kwamba hesabu atazisomea tanurini.

Tarehe 22 Oktoba 1967 alifunga ndoa na baba yetu, Iakovos, mfinyanzi wa Vathi, aliyetanguliza posa ya vyungu kumi na viwili vya dengu, kila kimoja kikiwa na alama ya kidole gumba chake kitakoni, wakajaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1968 na Apostolos mwaka 1971, na wa tatu hakumzaa ila alimlea, naye ni Stamatis, mtoto wa marehemu mdogo wake, aliyeletwa kwetu Novemba 1979 akiwa na miaka minne, akapewa kitanda changu, nami nikalala chini.

Kazi yake mnaijua, maana mmeila. Tangu mwaka 1966, kila Jumamosi saa kumi jioni nyumba thelathini na moja zilimletea vyungu vya dengu, vitunguu na mafuta ya zeituni, akavipanga tanurini, akaziba mlango kwa udongo, na udongo huo haukuguswa mpaka ibada ya Jumapili iishe, hata awe nani anayeona njaa. Wageni walipoanza kumiminika aliweka meza nne chini ya mzabibu, akawapa jibini ya mbuzi, kapari, vile vitumba vya maua alivyochuma mwenyewe majabalini na mvinyo wa shamba letu, na aliyetaka dengu siku nyingine aliambiwa, "Dengu zina siku yao, mwanangu, rudi Jumapili," nao walirudi, wengine wakiiacha meli iondoke bila wao, na mgeni aliyefika siku ya tatu hakupewa jembe, alipewa mzigo wa kuni.

Sasa nafika tarehe 15 Juni 2019, ambayo baadhi yenu mlitamani niiruke. Stamatis alikuwa amefungua mgahawa pwani, ameandika mlangoni "Chakula cha Asili cha Bibi Zambeta", na picha ya mama juu yake bila kumwomba, na Jumamosi hiyo alikuwa na wageni arobaini wanaosafiri alfajiri, basi mama alipokwenda ibada ya jioni, yeye akaja na gari, akabomoa udongo, akachukua vyungu vinane, akaziba tena kwa haraka ya mwizi. Wageni wake wakatafuna dengu ngumu kama kokoto, wakaandika mtandaoni kwamba Bibi Zambeta hajui kupika, na joto likavujia kwenye ufa alioacha, hata Jumapili vyungu vyenu vikatoka vibichi, mbele ya kanisa zima.

Nanyi mlisema nini? "Kazeeka, tanuri limemshinda." Nilikuwa nimesimama pale. Mlimlilia miaka hamsini na mitatu awaivishie vyungu, na kosa moja, tena si lake, likawatosha kuhamia majiko ya umeme! Kuhusu vile vinane mama alisema vimevunjika, mpaka mimi nilipovikuta stoo kwa Stamatis, na gumba la baba yangu kitakoni, na nilipomuuliza alinijibu, "Dada, wageni wana meli, hawana Jumapili." Mama alinikataza nisiseme, kwa kuwa ni mtoto wa mdogo wake, na wahenga walinena kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, naye kweli alilia, akazima tanuri, hakuliwasha tena.

Februari 2022 alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa zahanati ya hapa, kisha Athene, akarejeshwa nyumbani tarehe 2 Oktoba mwaka huu wa 2023, na Alhamisi tarehe 19, saa tatu asubuhi, akafariki kitandani kwake, akiwa na miaka sabini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, akina mama waliochemsha ngano ya kugawa mazishini, na wenye mikahawa waliofunga milango leo, na majirani pia tunawashukuru, ingawa mmechelewa, maana mchana huu, kabla ya kuja kanisani, tumewasha tanuri kama alivyoagiza, na mmeleta vyungu thelathini na kimoja bila kuitwa mara mbili.

Limebaki agizo moja, ambalo si langu, mimi ningemfukuza. Stamatis, wewe uliyesimama mlangoni na shada kubwa kuliko mashada yote, mama yako mkubwa alisema usifukuzwe, alisema, "Mpeni kiti mbele ya tanuri, alinde udongo mpaka ibada ya kesho iishe, kisha afungue yeye, na chungu cha kwanza apewe." Kiti kiko pale, nimekiweka kwa mikono yangu, na udongo bado mbichi.

Mama, lala kwa amani, mlango wako hautafunguliwa tena kabla ya wakati.