Lenzi ya Kuvuta Mbali

Enzi hizo Kilifi haikuwa na daraja. Basi la kutoka Malindi lilituteremsha hapo tupande feri kwa miguu, nami humo nikasimama nyuma ya wanawake wawili wasiojuana. Mdogo, Shekha, alikuwa akienda Mombasa kununua kamera kubwa. Kazi yake ni kupiga picha za bibi harusi katika sherehe za wanawake peke yao, mabuibui yakiwa yametundikwa ukutani.

"Kwa hii ndogo iliyo mkobani hina haionekani vizuri, mama," alisema. "Ile kubwa ina lenzi ya kuvuta mbali."

"Ya kumvuta nani?" aliuliza Bi Fatu, yule mkubwa. "Ukija na hiyo ndogo nakuona, mwanangu. Nisipotaka, nageuka. Na hiyo nyingine? Nitakuwa kule pembeni nakata kiuno, kichwa wazi, wala sina habari."

"Siwezi kukupiga bila ruhusa yako."

"Na picha ikimfikia mume wangu, nimwambie lenzi ndiyo iliyonivuta?"

Watu wa karibu walicheka. Shekha hakucheka. Alisema picha moja tu ikitoka nje, hakuna nyumba Malindi itakayomfungulia mlango tena. Nilivyoona, hofu hiyo alitoka nayo nyumbani.

"Lakini huenda wanawake wataizoea hiyo kubwa," alisema. Alifanya duara kwa vidole, akaliweka jichoni, akatazama ng'ambo, kisha akamgeukia mwenzake. "Kwa mfano, wewe hapo ulipo..."

Bi Fatu alivuta buibui akafunika uso. Mikono ya Shekha ilikuwa mitupu. Feri ikagonga ukingo, tukaanza kushuka.