Mashine Isiyoshikika

Kwenye treni ya kutoka Luena, Béthanie, fundi wa kompyuta, alimsimulia Papa Nday, mzee aliyekutana naye humo, jinsi alivyohamisha seva kuukuu ya shule moja ya Kamina ikawa mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na umbo lake, inayoishi ndani ya kompyuta mpya. Siku mbili iligoma kuwaka, na majina ya wanafunzi wote tangu zamani yalikuwa humo.

"Ilikuwa inatafuta diski yake ya zamani. Nilibadilisha réglage moja tu, mpangilio wa kuionyesha diski mpya, njo ikaamuka," alisema, furaha haijamtoka.

"Na mashine iko wapi sasa?"

"Iko ndani ya ingine, papa."

"Minyi siamini mashine yenye siwezi kugusa."

"Lakini majina yote iko!"

Walibishana kwa raha mpaka treni iliposimama Kamina. Mzee akatangulia kushuka, kisha akamgeukia mlangoni. "Nday Amédée, mwaka wa sabini na nane. Uniangalilie kama niko."